Taa za Krisi kwa Miti Wamagana: Hii ni Kazi, Usilipwe na Chai

Wasee, leo tuongee kuhusu kazi yenye huonekana mwezi mmoja kwa mwaka na watu hawaiiti kazi: kufunga taa kwa miti. Desemba ikifika, watu wa Nairobi wanarudi ocha, ruracio na harusi zinajaa kila wikendi, na mwenye boma anataka ule mtarakwa wa kwa geti ung'ae. Anaita nani? Anakuita wewe. "Kijana, hebu panda hapo utufungie hizi taa." Ukishuka unapewa chai, mandazi na soo mbili. Halafu unaambiwa Mungu akubariki.

Baraka ni poa. Lakini angalia chenye umefanya. Umepanda mita tano au sita juu bila kamba, mkono mmoja umeshika tawi, mwingine umeshika waya wa stima ya 240 volti, na hii ni msimu wa mvua ya vuli. Hiyo si kusaidia. Hiyo ni kazi tatu kwa moja: ya fundi wa stima, ya mpanda miti, na ya mtu wa mapambo. Wewe umelipwa kama mtu wa kubeba viti.

Wenzetu waliona hii biashara kitambo. Mwaka wa 1882, Edward Johnson, msee aliyekuwa anafanya kazi na Thomas Edison, alifunga balbu 80 kwa mti nyumbani kwake New York. Watu waliona ni maajabu. Leo Marekani kuna kampuni zenye kazi yao ni kukata nyasi na kutunza bustani, na baridi ikianza wanageukia taa. Na hawauzi kufunga peke yake. Wanauza kupima mti, kufunga, kurudi kurekebisha balbu zikizima, kutoa taa Januari, na kuziweka stoo hadi mwaka ujao. Mteja akishaingia hapo, mwaka ujao anapiga simu mwenyewe. Shika hiyo point, tutairudia.

Sasa tulete hesabu Wamagana. Mti wenye shina la mzunguko wa mita 1, unataka kuuzungushia taa hadi urefu wa mita 3, ukiacha sentimita 10 kati ya kila mzunguko. Hiyo ni mizunguko 30, yaani mita 30 za taa. Kama waya moja ni mita 10, unahitaji tatu, na bado hujagusa matawi. Ukimwambia mteja hiyo hesabu kabla ya kwenda duka, tayari umeacha kuwa "kijana wa kupanda mti." Umekuwa fundi.

Ya pili ni umeme. Waya ya balbu 100 za LED hutumia kama wati 6. Zile balbu za zamani, 100 zinaweza kula wati 40. Zikiwaka masaa 6 kila usiku kwa siku 30, waya tatu za LED zinakula kama uniti 3.24. Za zamani zinakula 21.6. Tuseme uniti ni 30 bob: moja ni kama 97, ingine inakaribia 650. Mathe mwenye ananunua tokeni za 100 ataskia hiyo lugha haraka sana.

Alafu kuna mtego wa diaspora. Anti anarudi kutoka Marekani na taa safi kwa begi. Stima ya huko ni 120 volti, yetu ni 240. Ukichomeka tu bila kusoma lebo, zinaungua mbele ya wageni na lawama ni yako. Angalia pia alama ya IP kwa boksi. IP20 ni ya ndani ya nyumba. Ya nje yenye itanyeshewa, anza na IP44 kwenda juu. Na ule muunganisho wa plagi, usiuache kwa nyasi ukiwa umefungwa na karatasi ya nailoni. Uinue, uukinge, na uhakikishe laini inapitia swichi ya RCD, ile hukata stima mara moja ikianza kupita mahali haifai. Ndiyo tofauti ya kushtuka na kuzikwa.

Kuna mahali pia sheria inaingia. Kuchomeka taa kwa soketi ni sawa. Lakini kuvuta laini mpya kutoka kwa mita hadi kwa mti ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. Na mti wenye waya za Kenya Power zimepita karibu, usiupande. Hata kama ni wa chifu, na hata kama pesa imeongezwa.

Sasa tuje kwa ile kitu hakuna mtu huongea: ukianguka, nani analipa? Sheria ya fidia ya kazini, WIBA ya 2007, inasema mwajiri ndiye hugharamia mfanyakazi akiumia kazini. Lakini wewe umeitwa kwa simu, hakuna karatasi, hakuna shahidi, na mwenye boma atasema ulikuwa unasaidia tu. Hapo ndipo lile neno "kusaidia" linakuwa ghali. Linageuza mguu wako uliovunjika kuwa shida ya mathe yako na harambee ya WhatsApp.

Ndiyo maana nasema hii kazi iandikwe. Si lazima wakili. Ukurasa mmoja: miti mingapi, taa ni za nani, utazitoa lini, nusu ya pesa kwa M-Pesa kabla ya kupanda. Andika pia nani anabeba hasara stima ikipotea ama ikirudi na nguvu ikachoma taa. Usione ni kujiringa. Mwaka wa 2023 nchi ilizima zaidi ya mara moja, na moja ya hizo ilikuwa Desemba 10, wiki mbili kabla ya Krisi.

Mtaji nao? Ile pesa ya NYOTA ni 50,000 kwa kijana, inakuja kwa awamu mbili, na mpango ni kama vijana 70 kwa kila wadi. Wamagana ni wadi. Wote 70 wakifungua kinyozi na smokie pasua, tutanyoana mpaka kichwa kiishe. Watatu wakiungana wakanunua ngazi nzuri, mikanda ya usalama, kipima stima na taa za kukodisha, hiyo ni kampuni. Mmoja aende NITA afanye mtihani wa ufundi wa stima. Huko wanapima mikono yako, hawaangalii ulipata nini KCSE.

Wateja wasiwe maboma peke yake. Kuna hoteli na makanisa kutoka Nyeri hadi Karatina na Nanyuki. Kuna kaunti pia: sheria ya AGPO inatenga asilimia 30 ya tenda za serikali kwa vijana, kina mama na watu wenye ulemavu. Ila usichukue taa kwa mkopo ukingoja kaunti ikulipe. Madeni ya kaunti yamezika biashara nyingi kubwa kuliko yako.

Na mti wenyewe, uheshimu. Hii ni Tetu, nyumbani kwa Profesa Wangari Maathai wa Ihithe, mwanamke aliyepata Nobel ya Amani 2004 na jina lake limeandikwa kwa miti. Usipigilie misumari. Usiache waya imekaza mwaka mzima, kwa sababu shina linanenepa na waya inaanza kuukaba mti polepole.

Hiyo ndiyo inaturudisha kwa ile point. Lazima mtu apande kutoa hizo taa. Wengi hupotea Januari 2, na Januari ndiyo mwezi mrefu wenye hakuna mtu ana doo. Msee mwenye aliandikisha kutoa na kutunza taa ana malipo yanamngoja mwezi huo, ana namba ya mteja, na ana sababu ya kupiga simu Oktoba, bonasi ya majani chai ikiingia, kabla pesa haijaisha.

Kwa hivyo ukiitwa mwaka huu, kabla ushike tawi, uliza maswali mawili: ni miti mingapi, na tunazitoa lini? Akikujibu na chai, kunywa chai. Mti mwachie.