Mume akihamia kazi Msumbiji: mke wa pwani ya Lindi ajiandae vipi?

Upepo wa kaskazi ukianza kuvuma mwishoni mwa mwaka, wavuvi wa Kilwa, Somanga na Lindi huanza kutazama kusini. Baadhi yao huenda dago kwenye visiwa vya karibu na kurudi. Wengine huvuka Mto Ruvuma hadi pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, wakakaa miezi au hata miaka. Njia hiyo hiyo hupitwa na wachuuzi, mafundi na wachimbaji wa madini. Baada ya muda simu huingia nyumbani: "Nimeshapata chumba, njoo na watoto."

Leo tunamwangalia huyo anayepigiwa simu. Mume amekwenda kwa sababu ya kazi, na mke anakwenda kwa sababu ya mume. Kazi ikikatika au ndoa ikiyumba, mume hubaki na ujuzi wake na watu aliozoeana nao kazini. Mke anaweza kujikuta ugenini bila karatasi, bila lugha na bila nauli ya kurudi.

Njia ya zamani, hatari mpya

Kuvuka Ruvuma si jambo geni. Enzi za ukoloni Wamakonde kutoka Msumbiji walikuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi, na wengi wao hawakurudi. Wakati wa vita vya ukombozi mikoa yetu ya kusini ilipokea wakimbizi, na Nachingwea ikawa na kambi ya wapiganaji wa FRELIMO, hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Mwaka 2010 Daraja la Umoja lilifunguliwa pale Mtambaswala, na gari likaweza kuvuka bila kungoja mtumbwi.

Lakini miaka ya karibuni imetufundisha kuwa mlango huo unaweza kufungwa ghafla. Yakuti nyekundu zilipogunduliwa Montepuez mwaka 2009, Watanzania wengi walikimbilia huko. Mapema mwaka 2017 serikali ya Msumbiji ikawaondoa wageni wasio na vibali, na maelfu ya Watanzania wakarudishwa kupitia mpakani. Waliokuwa wamejenga maisha kule waliacha vyombo na biashara.

Oktoba mwaka huo huo yakaanza mashambulizi ya wanamgambo katika mji wa Mocímboa da Praia. Oktoba 2020 moto ukafika upande wetu, kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara kiliposhambuliwa. Machi 2021 mji wa Palma ulivamiwa, na mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ikasimamisha mradi wake wa gesi wa Afungi. Mwishoni mwa mwaka 2025 kampuni hiyo ilitangaza kuondoa zuio hilo. Mradi mkubwa ukianza tena, wanaotafuta kazi husogea, na familia hufuata. Kabla ya kufunga mizigo, ulizia hali ya usalama ya wilaya ile ile mnayokwenda. Kujua hali ya Cabo Delgado kwa jumla hakutoshi.

Lugha: sokoni utaelewana, ofisini hapana

Mke anayetoka pwani yetu hafiki akiwa bubu. Kimakonde na Kimakua vinazungumzwa pande zote mbili za Ruvuma, na Kimwani cha pwani ya Cabo Delgado ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Sokoni, kisimani na msikitini mtaelewana.

Shida huanza kwenye dirisha la ofisi. Lugha ya serikali ni Kireno. Kadi ya kliniki, fomu ya polisi na masomo ya darasani ni kwa Kireno. Jumuiya ya SADC iliifanya Kiswahili kuwa moja ya lugha zake rasmi Agosti 2019, lakini uamuzi huo ni wa vikao vya jumuiya, haumlazimishi muuguzi wa Palma kukuandikia dawa kwa Kiswahili. Jifunze mapema maneno ya hospitali na ya fedha. Mtoto aliyefika darasa la tano hapa atahitaji muda kabla ya kufuata somo kule, na baadhi ya wazazi huona heri abaki kwa bibi hadi amalize shule ya msingi.

Karatasi ziwe kwa jina lako

Kuvuka mpaka, kuishi na kufanya biashara ni ruhusa tatu tofauti. Mhuri wa kuingia haukupi haki ya kufungua genge la samaki. Mgeni anayekaa kihalali Msumbiji huwa na kitambulisho cha ukaazi kinachoitwa DIRE. Kama mume anacho, usidhani kinakufunika na wewe. Muulize mwajiri wake, au ofisi ya uhamiaji ya kule, wewe utakaa kwa kibali gani.

Chukua cheti cha ndoa. Kwa sheria ya Tanzania ndoa haibatiliki kwa kukosa kusajiliwa, lakini afisa wa nchi nyingine hawezi kumwita shehe wa mtaani kwenu kuwa shahidi. Chukua vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na uache nakala kwa mtu unayemwamini. Mtoto atakayezaliwa kule kwa mama au baba Mtanzania aliyezaliwa Tanzania ni Mtanzania kwa kurithi, ila uthibitisho utautafuta wewe, kupitia Ubalozi wa Tanzania mjini Maputo au utakaporudi.

Fedha nazo zina mpaka. M-Pesa ipo Msumbiji, lakini ni akaunti ya kule, kwa metikali na kwa laini iliyosajiliwa kule. Weka nauli yako ya kurudi mahali unapoweza kuifikia mwenyewe.

Shamba usiliache kimya kimya

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu ardhi kuhesabiwa kuwa imetelekezwa isipotumika kwa miaka isiyopungua mitano. Pia inamtaja mwanakijiji aliyeondoka nchini bila kumwachia mtu dhamana ya shamba wala kuiarifu halmashauri ya kijiji. Mikorosho yako inaweza kuingia kwenye mgogoro ukiwa kule unakaanga samaki.

Kinga yake ni ndogo. Andika barua kwa mtendaji wa kijiji, utaje shamba, mipaka yake na jina la ndugu atakayelitunza. Omba jambo hilo liingie kwenye muhtasari wa kikao, na ubaki na nakala yenye mhuri. Kama mna hati ya hakimiliki ya kimila, hakikisheni ina majina ya wote wawili.

Nyumba ya familia nayo ina ulinzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa mmoja kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Na tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango katika kupata mali ya ndoa. Miaka uliyopika na kulea ugenini haipotei bure mbele ya sheria.

Nani atasimama nawe?

Kwa mila za zamani za Wamwera, Wamakonde na Wamakua, mara nyingi mume ndiye aliyehamia kwao mke. Kukitokea ugomvi, mjomba na kaka walikuwa hatua chache tu. Safari ya kumfuata mume kusini inaugeuza mpango huo: mke anakuwa mgeni, na akionewa au mume akioa mwingine kimya kimya, hana mzee wa kumkimbilia.

Kwa hiyo mazungumzo yafanyike kabla ya safari, wazee wa pande zote mbili wakiwepo. Mume aeleze wazi anafanya kazi gani, kwa nani, mnakaa wapi, na kazi ikikatika mtarudi vipi. Mke aseme atafanya shughuli gani ya kumwingizia chake. Na kabla ya kuhamisha vyombo vyote, ni busara atangulie kwa matembezi mafupi, akaione nyumba, kliniki, shule na majirani. Akirudi kusema hapawezekani, asikilizwe, maana aliyepaona ni yeye.