Lugha husikika kwa mwendo wa baiskeli

Atlasi hupaka Karnataka rangi moja na Kerala rangi nyingine, kisha huchora mstari katikati. Mstari huo ni wa mwaka 1956, India ilipopanga upya majimbo yake kwa kufuata lugha. Anayeendesha baiskeli peke yake kutoka Udupi hadi Kasaragod, kilomita 100 na ushei kandokando ya Bahari ya Arabu, atauona mpaka huko Talapady: kwenye mabango, Kimalayalam kinashika nafasi ya kwanza iliyokuwa ya Kikannada. Masikio yake hayatausikia. Kitulu cha sokoni asubuhi kitamfuata ng'ambo, na Kikannada nacho kina wenyewe Kasaragod.

Kitulu kina wasemaji zaidi ya milioni moja na nusu, lakini hakimo katika orodha ya lugha 22 za Katiba ya India. Anayetegemea maandishi peke yake atakipita bila kujua.

Naona upweke wa msafiri huyo ni faida. Kundi huzungumza lenyewe kwa lenyewe. Aliye peke yake, jua kali na chupa tupu, hana budi kuomba maji, kuuliza njia na kusahihishwa matamshi.

Nasi tuna ramani yetu ya Kongo yenye rangi nne za lugha za taifa. Kabla ya kuinakili katika kazi zetu za mwisho wa masomo, tupande kinga, kama Lubumbashi inavyoiita baiskeli, twende tukasikilize.