Nani Aliyewapa Ruhusa ya Kumpiga?

Kuna jambo katika komine yetu ya Lubumbashi ambalo hatuwezi kulinyamazia tena. Mtu aliyezaliwa mwanaume, lakini anavaa na kujitaja kama mwanamke, akipita sokoni, vijana humzomea, humvua kitambaa cha kichwa, humtupia mchanga. Ukiwauliza, wanajibu: "Sheria inamkataza, na Kanisa vilevile." Nao si wapagani, wengine tunawaona wakipokea Komunyo.

Basi, sheria ipi? Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 11, yasema wanadamu wote huzaliwa huru na sawa katika heshima na haki. Kifungu cha 40 chataka ndoa iwe ya mwanaume na mwanamke, na sisi tunakubali. Lakini kuwa mtu wa namna hiyo hakukuandikwa popote kuwa kosa. Mwaka 2013 mbunge Steve Mbikayi alipeleka Bungeni mswada wa kuwafunga, haukuwa sheria. Kuna kifungu cha 176 cha Sheria ya Adhabu, juu ya kuvunja adabu hadharani. Mikononi mwa askari mwenye njaa kinageuka mfuko: ulipe, ama ulale kituoni.

Kanisa je? Halikubali kubadili jinsia. Hati Dignitas infinita ya mwaka 2024 yasema hivyo waziwazi, wala makatekista hatufundishi jingine. Lakini hati ileile yalaani kuwafunga, kuwatesa na kuwaua watu kwa sababu ya mwelekeo wao wa kijinsia. Tena mwaka 2023 Roma ilimjibu askofu mmoja wa Brazili: mtu kama huyo, hata aliyebadilishwa mwili kwa dawa au kwa kisu cha daktari, aweza kubatizwa kama waamini wengine, mradi pasiwe na makwazo kwa watu.

Twasema haya kwa kuwa katekista mwenzetu alifuta jina la mmoja wao katika daftari la wakatekumeni. Hakumwuliza padri. Alisema analinda kundi. Alilinde na nini? Yule alikuwa amesoma miezi minane, akijua Kanuni ya Imani kuliko sisi siku ya ubatizo wetu. Wazinzi na wakopeshaji wa riba tunawaandika, tena kwa wino mzuri.

Padri amelirudisha jina. Jumamosi mbili zimepita, mwenyewe hajaonekana. Tumemtuma mama mmoja wa Legio ya Maria aende kwake kumwita.