*AKAUNTI YA KIONGOZI NJE YA NCHI SI SIRI YAKE PEKE YAKE*



Limeibuka swali kwenye kundi letu: tunayo haki ya kumuuliza mgombea kama ana akaunti au kampuni nje ya nchi? Wapo waliosema fedha za mtu ni siri kati yake na benki yake. Maoni yangu ni haya.

Siri ya benki ni haki ya raia. Mkulima wa alizeti wa Ikungi hapaswi kuanikwa salio lake kijijini. Na kuwa na akaunti nje si lazima liwe kosa. Tunao ndugu wanaofanya kazi Oman na Dubai. Lakini anayeomba kushika mfuko wa umma ni mtu mwingine.

*Tukumbuke rada.* Serikali iliinunua kwa pauni milioni 28. Desemba 2010, mahakamani London, kampuni ya BAE ilikiri kutotunza kumbukumbu sahihi za malipo kwa wakala wake. Zilikuwa dola milioni 12.4, na sehemu kubwa ilipitia kampuni zilizosajiliwa Visiwa vya Virgin vya Uingereza na Panama. Tukarudishiwa pauni milioni 29.5, zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi.

Uchunguzi huohuo ndio uliotufahamisha, Aprili 2008, kwamba Andrew Chenge, Waziri wa Miundombinu, alikuwa na zaidi ya dola milioni moja kisiwani Jersey. Aliziita "vijisenti", akajiuzulu. Alikana kuhusika na rushwa, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Hoja yangu si hatia yake. Hoja ni kwamba sisi wapiga kura tulijulishwa na Waingereza.

Mtasema dunia imebadilika. Kweli. Uswisi, iliyoweka siri ya benki kwenye sheria mwaka 1934, tangu 2018 inapeleka taarifa za akaunti kwa nchi ilizokubaliana nazo. Lakini taarifa hizo huishia kwa watu wa kodi, hazimfikii mpiga kura.

Hapa kwetu, Sheria ya Fedha ya 2020 inazitaka kampuni kumtaja BRELA mmiliki halisi. Sheria ya Maadili ya 1995 inamtaka kiongozi atamke mali zake. Ni hatua nzuri, ila fomu ya maadili hujazwa mtu akishapata cheo. Sisi tunachagua kabla.

*Napendekeza:* kila anayeomba kuteuliwa kupitia tawi letu, kuanzia udiwani, aandike na kusaini mbele ya kikao:
1. Ana akaunti, kampuni au hisa nje ya nchi?
2. Ziko nchi gani?
3. Fedha hizo zimetokana na nini?

Hatuombi namba ya akaunti wala salio. Akidanganya, karatasi yenye saini yake tutakuwa nayo.

Tuanze na viongozi wa tawi. Mimi nitasaini wa kwanza. Mweka hazina wetu husomewa hesabu ya ada mpaka shilingi mia tano. Anayetaka kusimamia mabilioni asione taabu kujibu maswali matatu.

Hoja hii italetwa kikao kijacho. Asiyekubaliana aje aseme, tumsikilize. Mwenye jirani asiye na simu janja amfikishie ujumbe.

*Katibu Mwenezi wa Tawi*
Singida