Michezo ya Juma: Furaha na Msiba wa Waendesha Baiskeli katika Mwaka wa 2022

Wapenzi wa michezo katika Kenya huhesabu sana mpira na mbio za miguu, na baiskeli huiona kuwa ni chombo cha kazi tu: cha kupelekea maziwa kiwandani, cha kuchukulia gunia la makaa, au cha kumfikisha karani ofisini kabla ya kengele. Hata hivyo wako vijana wengi, wake kwa waume, ambao huamka alfajiri, wakapanda baiskeli nyembamba zisizo na kikalio cha nyuma wala matope, wakaenda kilometa mia moja kabla ya chakula cha adhuhuri, na wasirudi na mzigo wo wote ila jasho lao. Kwa watu hawa mwaka wa 2022 ni mwaka usioweza kusahauliwa. Ulianza kwa furaha ambayo haikupata kuonekana katika bara la Afrika tangu mchezo huu uanze, na kabla haujaisha uliwaletea msiba.

Habari njema ya kwanza ilitoka Rwanda. Mashindano ya kuizunguka nchi hiyo, yaitwayo Tour du Rwanda, yalipandishwa daraja mwaka wa 2019, na tangu hapo timu zenye nguvu kutoka ng'ambo zilikuja kwa wingi, hata wenyeji wakawa hawapati tena kushinda hata siku moja. Watu wa vilima vile husimama kando ya barabara kwa maelfu, watoto wa shule wakiwa mbele, na kwa miaka mitatu walikuwa wakiwapigia makofi wageni. Tarehe 27 Februari 2022, siku ya mwisho ya mashindano, Bw. Moise Mugisha, Mnyarwanda, aliwatangulia wote katika mji wa Kigali. Ushindi wa jumla ulichukuliwa na Bw. Natnael Tesfatsion wa Eritrea, lakini kelele za siku ile zilikuwa za Mugisha.

Eritrea yenyewe si nchi ngeni katika mchezo huu. Baiskeli za mashindano zililetwa huko na Waitaliano, ambao hapo kwanza hawakuwaruhusu Waafrika kushindana nao. Mwaka wa 1939 waliporuhusiwa, aliyeshinda alikuwa Mwafrika. Basi si ajabu kwamba kijana aliyewashangaza watu wa Ulaya katika mwaka wa 2022 alizaliwa Asmara.

Kijana huyo ni Bw. Biniam Girmay. Tarehe 27 Machi alishiriki katika mbio za Gent-Wevelgem huko Ubelgiji, ambazo ni za siku moja, za masafa ya kilometa 249 hivi, zenye upepo mkali na vilima vifupi vilivyotandikwa mawe. Zilipokaribia kwisha walibaki watu wanne mbele: yeye, Bw. Laporte wa Ufaransa, na Wabelgiji wawili, Mabwana Stuyven na Van Gestel. Katika hali kama hiyo kila mmoja humtazama mwenzake kwa pembe ya jicho, maana atanguliaye mapema hukata upepo kwa faida ya wale walio nyuma yake. Girmay hakungoja. Alichapuka mapema kuliko walivyotazamia, na wote watatu wakashindwa kumpata. Hajapata Mwafrika mweusi kushinda mbio za namna hiyo kabla ya siku ile, nazo ni mbio zilizoanza mwaka wa 1934.

Jambo alilofanya baada ya hapo linastahili kusifiwa kama ushindi wenyewe. Juma lililofuata kulikuwa na mashindano makubwa zaidi, ya jimbo la Flanders, na wengi walitaka abaki. Lakini kijana huyu alikuwa amekaa mbali na mkewe na binti yake mdogo kwa muda wa miezi mitatu, na alikuwa amekwisha kupanga safari ya kurudi kwao. Hakuibadili. Alipanda ndege akaenda Asmara. Watu wangapi, wakiisha kuonja sifa, huweza kukumbuka mlango wa nyumba yao?

Mwezi wa Mei akaonekana tena, safari hii katika Giro d'Italia, mashindano ya majuma matatu ya kuizunguka Italia. Tarehe 17, katika mji wa Jesi, alimshinda Bw. Mathieu van der Poel wa Uholanzi, mmoja wa watu wenye mbio kali kabisa ulimwenguni, hata Mholanzi huyo akiwa bado juu ya baiskeli akamwonyesha kidole gumba kwa heshima. Kisha likatukia jambo ambalo mtu angelisimuliwa angedhani ni mzaha. Girmay alipanda jukwaani kupokea zawadi yake, akapewa chupa kubwa ya mvinyo wenye povu kama ilivyo desturi yao, akainama kuifungua, na kizibo kikaruka kwa nguvu kikampiga katika jicho la kushoto. Alipelekwa hospitali, na kesho yake hakuweza kuanza mbio. Basi yule aliyekwepa maanguko ya barabarani kwa siku kumi aliumizwa na kizibo, akiwa amesimama wima mbele ya wapiga picha. Kwa bahati njema jicho lilipona, na mwaka wa 2024 mtu huyo huyo alishinda mara tatu katika Tour de France na kurudi kwao na fulana ya kijani.

Watu wa Kikuyu, karibu na Nairobi, walikuwa na mtu wao wa kumtazama. Bw. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka wa 1985, na alipokuwa mtoto alifundishwa kuendesha baiskeli na Bw. David Kinjah katika kijiji cha Mai-a-Ihii, ambako chama cha Safari Simbaz hukusanya vijana, huwafundisha kutengeneza mnyororo na kunyosha spoki, na ndipo huwafundisha mbio. Froome alishinda Tour de France mara nne, akavunjika paja mwaka wa 2019, na wengi wakasema amekwisha. Tarehe 14 Julai 2022 alikuwa wa tatu juu ya mlima wa Alpe d'Huez. Juma moja baadaye alilazimika kuacha mashindano kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Raha na tabu zake zilifuatana kwa upesi huo.

Lakini habari iliyowagusa Wakenya kuliko zote ni ile ya chama cha Amani, na hiyo inahitaji kuelezwa tangu mwanzo.

Kwa miaka mingi waendesha baiskeli wa Afrika ya Mashariki wamezungushwa katika duara lisilo na mlango. Katika mbio za lami za Ulaya mtu haingii kwa mapenzi yake. Ni lazima awe katika timu iliyoandikishwa na kualikwa. Timu haimchukui mtu asiye na alama, na alama hazipatikani ila katika mbio zile zile ambazo hawezi kuingia. Juu ya hayo iko nauli ya ndege, na uko mlango wa ubalozi, ambako kijana hungoja ruhusa ya kusafiri hata mbio alizokuwa akiendea zinakwisha, naye angali na pasipoti mkononi. Mbio za barabara za changarawe hazina taratibu ngumu kama hizo. Aliyelipa ada yake husimama katika mstari mmoja na bingwa. Tena barabara za changarawe na vumbi si jambo la kumfundisha mtu wa Narok au wa Eldoret.

Bw. Mikel Delagrange, mwanasheria Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi mjini The Hague, aliliona hilo, akashirikiana na waendesha baiskeli wa Kenya, Uganda na Rwanda kuanzisha chama cha Amani. Mwezi wa Juni 2021 wakafanya mashindano ya siku nne katika nchi ya Wamasai, kilometa 650 hivi, washiriki wakilala katika mahema, na watu wa Ulaya waliopata kukimbia Tour de France wakaja kushindana nao. Kwa maneno mengine, kama wenyeji hawawezi kwenda kwa mabingwa, mabingwa na waje kwa wenyeji. Shauri hilo lilikuwa la busara.

Nahodha wa chama hicho alikuwa Bw. Suleiman Kangangi, ambaye rafiki zake walimwita Sule, mtu wa Eldoret. Hakuwa mtu wa kuanza jana. Aliwahi kukimbia katika timu ya Kenyan Riders, iliyoanzishwa na Bw. Nicholas Leong wa Singapore, kisha katika timu ya Bike Aid ya Ujerumani. Mwaka wa 2017 alikuwa wa tatu katika Tour du Rwanda. Mtu aliyefika hapo angeweza kujitafutia yake peke yake, lakini Kangangi alikuwa ameshika kazi ya kuwaongoza wadogo zake katika chama. Kazi ya nahodha katika mchezo huu haionekani na watazamaji. Ndiye husema lini kundi litulie na lini likaze. Ndiye hukaa mbele akikatiwa na upepo ili mwenzake apate nafuu nyuma yake, na katika matokeo jina lake huandikwa chini ya la yule aliyemsaidia.

Mwezi wa Agosti 2022 wanachama wa Amani walikwenda Marekani kushindana. Hilo peke yake lilikuwa jambo la furaha. Ruhusa zilipatikana, nauli zilipatikana, na vijana wa Afrika ya Mashariki wakasimama katika mistari ya kuanzia pamoja na Wamarekani mashuhuri. Tarehe 27 Agosti walikuwa katika jimbo la Vermont, katika mbio za siku moja ziitwazo Vermont Overland, zinazopita katika barabara za vumbi za mashambani, zenye kupanda na kushuka kwingi. Katika mbio hizo Kangangi alianguka akiwa katika mwendo mkali, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 33. Aliacha mke na watoto watatu.

Wanachama wenzake walikuwa katika barabara hiyo hiyo siku ile. Walikwenda Marekani wakiwa na nahodha, wakarudi na jeneza.

Wazee katika mchezo huu walikumbuka habari nyingine. Mwaka wa 2014 Bw. John Njoroge, naye wa timu ya Kenyan Riders, alikufa katika mashindano huko Ufilipino baada ya kugongana na pikipiki. Kwa hiyo chama kidogo cha watu wanaofahamiana kwa majina kimezika wawili katika muda wa miaka minane, na wote wawili walifia ng'ambo ya bahari.

Haikosi katika matanga watu kuuliza kama mchezo wa namna hii unamfaa mtu mwenye watoto. Swali hilo si la upumbavu, na wanaoliuliza wasichekwe. Baiskeli ya mashindano katika mteremko huenda kasi ya gari, na mtu hana kinga ila kofia ngumu na nguo nyepesi. Jiwe moja lililolegea latosha. Lakini inafaa kukumbuka ya kuwa Kangangi hakuwa akicheza kwa kupoteza wakati. Baiskeli ilikuwa kazi yake, kama gari lilivyo kazi ya dereva wa lori la Mombasa, na kama paa lilivyo kazi ya fundi wa mabati. Na hakuna awaambiaye hao wakae nyumbani. Linaloweza kudaiwa kwa haki ni jingine: kwamba wenye vyama na wenye mashindano, wanapohesabu nauli na ada na matairi, wahesabu pia bima ya mtu na riziki ya watoto wake. Gharama hiyo husahauliwa mara nyingi katika michezo ya nchi hizi, hata siku ya kuchangisha pesa za mazishi.

Baada ya mazishi wanachama wa Amani walikuwa na shauri la kukata. Wangeweza kutawanyika, na hakuna ambaye angewalaumu. Mkenya anayefanya mazoezi peke yake katika njia ya kupanda Iten, bila mtu wa kumwambia kesho tutakutana saa kumi na mbili, aghalabu huacha katika muda wa miezi michache. Baiskeli huuzwa kwanza, kisha viatu. Hawakutawanyika. Mwezi wa Juni 2023 mashindano ya nchi ya Wamasai yalifanywa tena, kwa vumbi lile lile, wageni na wenyeji wakianza pamoja.

Waendesha baiskeli wa mwaka wa 2022 walikuwa wanajua pia jambo moja lililokuwa mbele yao. Mwezi wa Septemba 2021 ilikuwa imekwisha kutangazwa ya kwamba mashindano ya ulimwengu ya mbio za barabara, ambayo tangu kuanzishwa hayajapata kufanywa Afrika, yatakwenda Rwanda. Yalifanywa Kigali tangu tarehe 21 hata 28 Septemba 2025, katika vilima vile alivyovijua Kangangi tangu alipokuwa wa tatu hapo. Kama angelikuwa hai, angelikuwa na umri wa miaka 36.