Chuo cha Kuungwaungwa

Mtoto akipata nafasi ya kusoma Malaysia au India, mtaa mzima utajua kabla ya magharibi. Akipata Tunguu, habari huishia jikoni. Ukiwauliza wazee wa baraza za Mji Mkongwe sababu yake, watakujibu kwamba Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, chenye makao yake Tunguu, ni vyuo vidogo vidogo vilivyoungwaungwa, vikapewa jina kubwa.

Kuungwa, ni kweli kimeungwa. Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria Namba 8 mwaka 1999 na masomo yakaanza mwaka 2001, pale Vuga. Baadaye kikaingizwa Chuo cha Ualimu cha Nkrumah cha Beit el Ras, ikaingia na TAKILUKI, taasisi iliyokwisha jenga jina kwa kuwafundisha wageni Kiswahili. Kuanzia mwaka 2016 vikafuata vyuo vya fedha Chwaka, utalii Maruhubi, uandishi wa habari Kilimani na afya Mbweni.

Aibu iko wapi? Chuo Kikuu cha London, ambacho hakuna anayekicheka, kilianzishwa mwaka 1836 ili kiwape shahada wanafunzi wa vyuo viwili vilivyotangulia, University College na King's College, navyo vilikuwa mahasimu. Na ni London hiyohiyo iliyokilea chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 20. Nani leo anamuuliza wakili wa Dar es Salaam kama chuo chake kilianza kikubwa au kidogo?

Anayedharau aende Beit el Ras. Hapo Sultani Seyyid Said alianza kujenga kasri mwaka 1847. Akafariki baharini mwaka 1856 nalo halijaisha. Kilichosalia ni ukumbi wa mbele wenye matao mazito, na upo katika uwanja wa chuo cha walimu. Kasri halikupata mwenyewe, lakini kiwanja kilipata kazi. Rais Mzee Abeid Karume alipotangaza elimu bure tarehe 23 Septemba 1964, madarasa yalihitaji watu wa kusimama mbele ya ubao, na wengi wa walimu wa visiwa hivi wamesomea hapo.

Kabla ya hapo na miaka mingi baadaye, aliyetaka shahada alivuka bahari: Makerere, Cairo, Uingereza. Wengine hawakurudi. Abdulrazak Gurnah aliondoka Unguja katika miaka ya 1960 na mwaka 2021 akatunukiwa Nobeli ya Fasihi. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini waliokaa darasani mwake ni vijana wa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza.

Kwa hiyo wazazi waache kuwaonea haya watoto wao wa Tunguu. Wenye barua za mababu, hati za nyumba na daftari za majahazi zinazoliwa na mchwa makabatini wamwite mwanafunzi wa historia azipige picha kabla hazijawa vumbi. Jumba la Beit al-Ajaib lilipoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, kila mtu alilia. Mafundi wa majumba kama hilo, wanaojua chokaa na boriti za mikoko, wangali hai, lakini si vijana. Kijana mwenye kalamu akae nao sasa, juu ya jukwaa la ujenzi, si siku ya maziko.

Chuo nacho kisijione kimesalimika. Utafiti unaofungiwa kabatini kwa Kiingereza haujamfikia aliyeulizwa maswali. Huko Paje na Jambiani kinamama wamekuwa wakilima mwani tangu mwaka 1989. Maji yanapopwa huinamia kamba zilizofungwa kwenye vigingi, jua likiwachoma mgongo, na miaka ya karibuni maji yamezidi joto hata mwani wa bei nzuri ukawa unaoza kabla ya kuvunwa. Watafiti wamekuja na madaftari, wamehoji, wamepiga picha, wameaga. Iwe sharti basi: kila mwanafunzi anayekwenda kuhoji watu shamba, kabla hajavaa joho, arudi kijijini na kurasa mbili za Kiswahili, azisome mbele ya wale aliowahoji, nao wamuulize maswali mpaka waridhike. Karatasi hiyo itiwe sahihi ya sheha na iambatanishwe na tasnifu. Hailipiwi kitu, ila nauli ya daladala.