AWD: herufi tatu zinazotuponza

Mwezi wa nne mvua ilipoanza kunyesha kwa fujo, mjomba wangu alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Gari lake jipya (jipya kwetu, kuukuu kwa Wajapani) lilikuwa limezama kwenye ule udongo mweusi wa Kitengela. Watoto wako kiti cha nyuma na sare za shule, na mwenye trekta anataka pesa mkononi kabla hajafunga kamba. "Mimi nilinunua haibridi ya AWD kwa sababu ya hii barabara," akaniambia. "Sasa hiyo AWD iko wapi?"

Swali zuri. Na jibu lake limenikera kiasi kwamba leo naacha mambo ya programu na tarakilishi, tuongee magari.

Ukweli ni huu, ndugu msomaji: AWD si jina la mashine. Ni ahadi tu kwamba kuna wakati magurudumu yote manne yatapata nguvu. Nguvu kiasi gani? Kutoka wapi? Kwa muda gani? Herufi hizo tatu hazisemi. Sisi tunaoandika programu tunalijua jambo hili. Programu mbili zinaweza kuwa na kitufe kimoja kilichoandikwa "Hifadhi". Moja inaandika kazi yako kwenye diski. Nyingine inaiweka kwenye kumbukumbu ya muda na kukuombea stima isipotee. Kitufe ni kile kile, lakini siku ya giza utajua tofauti.

Hebu tuingie chini ya gari.

Chukua SUV ya petroli kama Mazda CX-5. Injini iko mbele na kwa kawaida inasukuma magurudumu ya mbele. Propela shafti inapita chini ya gari hadi nyuma, na pale kwenye difu ya nyuma kuna klachi ya sahani nyingi. Kompyuta ikiona tairi la mbele linateleza, au linakaribia kuteleza, inaibana ile klachi na sehemu ya nguvu ya injini inakwenda nyuma. Udhaifu wa mpango huu ni klachi yenyewe. Ukiing'ang'aniza muda mrefu kwenye tope inapata joto, na kompyuta inaiachilia isiungue. Hapo unabaki na magurudumu mawili, na bado uko katikati ya tope.

Sasa chukua RAV4 ya haibridi, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2019. Mbele kuna injini ya lita 2.5 na mota ya umeme. Propela shafti hakuna kabisa. Nyuma kuna mota nyingine, ndogo, ya kilowati 40, na kinachoiunganisha na mbele ni waya. Mota hiyo inakula umeme wa betri, na betri ikipungua injini inazungusha jenereta. Toyota huuita mfumo huu E-Four, na ilianza nao kwenye Estima Hybrid mwaka 2001.

Muuzaji atakuambia kwamba hadi asilimia 80 ya nguvu ya kuzungusha inaweza kwenda nyuma. Ni kweli, Toyota yenyewe inasema hivyo. Lakini huo ni mgawanyo, si kiasi. Ukipunguza nguvu ya mbele, ya nyuma itaonekana kubwa kwa asilimia, na mota ni ile ile ya kilowati 40 kwenye gari lenye kilowati 163 kwa jumla. Asilimia 80 ya kibaba haijazi debe.

Usiseme basi haibridi zote ziko hivyo. Honda Vezel ya haibridi ya mwaka 2013, ile ya magurudumu manne, ina propela shafti na klachi kama gari la petroli. Subaru Forester e-Boxer pia ina shafti. Nissan X-Trail e-Power ya mwaka 2022 yenye e-4ORCE haina shafti, lakini mota yake ya nyuma ni kilowati 100. Kwa hiyo hata neno "haibridi" halikuambii kitu mpaka uchungulie.

Najua wazee wa Land Rover wanacheka sasa hivi. "Tulisema, hizo za umeme ni za kwenda supamaketi." Nanyi nawapinga. Mota ya umeme inajibu haraka mno. Kwenye lami yenye maji, kilima cha muramu kilicholowa, au geti lenye tope la hatua tano, msukumo mdogo unaofika mapema unatosha kabisa. Hakuna shafti ya kuzungusha bure safari nzima, na ukikanyaga breki mota ya nyuma inarudisha umeme kwenye betri. Wengi wetu hatuhitaji zaidi ya hapo. Anayehitaji kutambaa saa nzima kwenye udongo mweusi anahitaji giya za chini na difu ya kati inayofungwa, kama za Prado. Hizo ni kazi mbili tofauti, na zinauzwa kwa herufi zile zile.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mjomba aliuliza pale yadi, kwa Kiswahili kisicho na utata: "Itapita matope?" Akajibiwa: "Mzee, hii ni AWD, inapita popote." Akaongeza pesa za mkopo wa Sacco kwa ajili ya jibu hilo. Hakuna aliyemwambia kwamba tairi zilizokuja na gari zilikuwa za lami na zimekwisha, na tairi ikishajaa udongo, mota ya mbele, ya nyuma, hata ya juu ya paa, haina pa kushika. Hakuna aliyemwambia pia kwamba AWD inasaidia kuondoka, haisaidii kusimama.

Kwa hiyo kabla hujalipa, lala chini ya gari utazame. Kuna shafti inayofika difu ya nyuma? (Usiichanganye na bomba la eksozi.) Kama haipo, mota ya nyuma ni kilowati ngapi? Kuna giya za chini? Tairi zina meno? Muuzaji akishindwa kujibu, huyo anauza herufi, hauzi gari.

Mjomba bado analipa mkopo. Amebadilisha tairi, na mvua ikizidi analiacha gari kwa rafiki kando ya lami, watoto wanamaliza safari kwa gambuti.

Wenye yadi mnaosoma hapa, nafasi ya kunijibu iko hapo chini. Mje na namba.